Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Taasisi za Nyanchwa juu ya Vyeti vya Seva

Kwa walimu wakuu na wakuu wa vyuo, kwa wasimamizi wa zahanati na hospitali, kwa wenyeviti na makatibu wa vyama vya akiba na mikopo, na kwa wazee wa makanisa, nyote mlioko Nyanchwa na katika mji wa Kisii.

Waheshimiwa,

Naomba ruhusa yenu niseme hadharani jambo ambalo kwa desturi huzungumzwa faraghani baina ya mafundi, kisha likapita mbali na meza za wenye mamlaka kana kwamba haliwahusu, ilhali wenye dhamana nalo, mbele ya sheria na mbele ya wazazi, wagonjwa na wanachama wanaowaamini, ni ninyi wenyewe. Jambo hilo ni cheti cha usalama cha seva, yaani ile hati ya kidijitali ambayo kwayo tovuti, au seva ya barua pepe, hulithibitisha jina lake kwa simu na kompyuta zinazoijia kutoka mbali, na kuyasitiri mazungumzo baina yao yasisomwe wala yasibadilishwe na mtu aliye njiani.

Mimi ni mkazi wa mlima huu, na riziki yangu hutokana na kuziangalia seva za ofisi ndogondogo, zile ambazo hazina idara ya teknolojia wala mtu wa zamu ya usiku. Kilichonisukuma kushika kalamu ni desturi moja ambayo imeenea hata watu hawaioni tena kuwa ni kosa. Mzazi hufungua tovuti ya shule ili atazame karo au matokeo ya mwanawe, kivinjari kikamwonya kwamba muunganisho si salama; mzazi, akiwa mtu mwangalifu, hupiga simu ofisini kuuliza; na karani, kwa nia njema na kwa upole wote, humjibu kwamba abonyeze tu pale chini aendelee, hayo ni mambo ya kawaida. Nawasihi mlitafakari jibu hilo. Mzazi yule amefundishwa na taasisi anayoiheshimu kwamba onyo la kivinjari halina maana, naye atakwenda na funzo hilo hadi kwenye kurasa za benki yake na za huduma za serikali, na siku atakapowekewa mbele ukurasa wa kughushi na mwizi wa kweli, atabonyeza pale pale alipoelekezwa. Cheti kilichopitwa na muda hurekebishwa kwa dakika chache; mazoea ya kupuuza maonyo hakuna fundi awezaye kuyarekebisha.

Naona ni vyema kwanza nieleze cheti hufanya nini, kwa maana nimewaona viongozi wengi wenye elimu kubwa wakiidhinisha malipo ya kitu wasichokijua, na mtu asiyejua alichokinunua hawezi kukiuliza maswali. Katika nchi hii ya Gusii, ambako ardhi ni haba na mashamba yamegawanywa kizazi baada ya kizazi, mtu anunuapo kipande cha ardhi hatosheki na muuzaji kujitaja jina. Huwataka mashahidi, majirani wa mpakani, wazee wa ukoo na naibu wa chifu, watu ambao yeye mnunuzi aliwaamini tangu kabla ya kumjua muuzaji, waseme kwamba huyu ndiye mwenye shamba na shamba ndilo hili. Cheti cha seva ni ushahidi wa namna hiyo hiyo. Seva hujitengenezea funguo mbili zilizofungamana kwa hesabu, mmoja wa kutolewa hadharani na mmoja wa kufichwa, na kilichotiwa sahihi kwa ule uliofichwa huweza kuhakikiwa na yeyote mwenye ule wa hadhara, wala hakuna awezaye kuighushi sahihi hiyo bila ya kuupata ule wa siri. Kisha shahidi, ambaye katika fani hii huitwa mamlaka ya vyeti, huhakikisha kwamba mwombaji kweli ndiye anayeitawala anwani anayoitaja, akatia sahihi yake kwamba ufunguo huu wa hadhara ni wa jina hili, mpaka tarehe fulani. Simu na kompyuta zetu huja na orodha ya mashahidi wanaokubalika, nazo huuliza jambo hili kila zinapofungua ukurasa, kwa muda mfupi usiohisiwa na mtu, kisha pande mbili hupatana ufunguo wa muda wa kuyasimba, yaani kuyafanya yasisomeke na wengine, mazungumzo ya wakati ule tu.

Maarifa haya si mageni wala si ya kutiliwa shaka. Whitfield Diffie na Martin Hellman walitangaza mwaka 1976 namna watu wawili wasiowahi kukutana wanavyoweza kupatana siri hadharani. Mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman wakabuni njia ya funguo mbili ambayo hadi leo ingali inatumika. Na mwaka 1995 kampuni ya Netscape ikauingiza utaratibu huo katika kivinjari chake, ukaja kurithiwa na ule uitwao TLS mwaka 1999, ambao toleo lake la sasa, la 1.3, lilitolewa Agosti 2018. Matoleo ya 1.0 na 1.1 yalitangazwa rasmi kuwa hayafai tena mnamo Machi 2021, na ikiwa seva yenu ingali inayakubali, basi mna mlango wa zamani ambao mwenye nyumba mwenyewe amesahau kuufunga. Wala mashahidi hawakosi kusaliti: mwaka 2011 mamlaka ya vyeti ya Uholanzi iliyoitwa DigiNotar iliingiliwa na wavamizi, vikatolewa vyeti vya uongo kwa jina la Google, vikatumiwa kuwasikiliza watu wa Iran, na kabla ya Septemba kwisha kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kutangazwa muflisi, kwa kuwa shahidi aliyethibitika kusema uongo hakuna kivinjari kitakachomkubali tena.

Zamani taasisi ndogo ilikuwa na udhuru. Cheti kilinunuliwa kwa dola, kila mwaka, na mhasibu wa shule iliyokuwa ikidaiwa mahindi na maharage hakuweza kulaumiwa kwa kulikata fungu hilo. Udhuru huo uliondoka tarehe 3 Desemba 2015, pale shirika lisilo la faida la Marekani lilipofungulia umma huduma ya Let's Encrypt, ambayo hutoa vyeti bure kwa yeyote awezaye kuthibitisha kwamba anaitawala anwani yake. Uthibitisho wenyewe ni mwepisi: programu iliyo ndani ya seva hupewa neno la kuweka mahali maalumu kwenye tovuti, au katika kumbukumbu za jina la kikoa, mamlaka ikaja kulitazama kwa mbali, na ikilikuta hutoa cheti. Programu mashuhuri ya kazi hiyo ni Certbot. Kwa mtu aliyeizoea Linux, kuiweka ni kazi ya asubuhi moja, pamoja na chai. Tangu Julai 2018, Chrome, kivinjari kinachotumiwa na wengi, huandika wazi kando ya anwani kwamba tovuti isiyo na cheti si salama. Hivyo taasisi ambayo hadi leo haina, inajitangaza mwenyewe kwa kila mgeni aingiaye.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu penye shida zetu za kweli ni hapa. Katika yale ninayoyaona kila siku, aghalabu ya taasisi zetu zilikwisha kupata cheti wakati mmoja. Zilichokosa ni uangalizi. Fundi aliitwa, akaweka cheti, akalipwa, akaenda zake Nairobi au Kisumu, na baada ya siku 90 kile cheti kikafa, kwa kuwa vyeti vya Let's Encrypt viliumbwa kwa umri huo makusudi, ili ufunguo ukiibwa usiweze kutumika kwa muda mrefu, na ili watu walazimike kuikabidhi mashine kazi ya kuvihuisha. Wako waliojikinga na adha hiyo kwa kununua cheti cha mwaka mzima wakaandika tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Nawaarifu, kwa heshima, kwamba njia hiyo inafungwa. Vyeti ambavyo tangu Septemba 2020 viliruhusiwa kudumu siku 398, kwa uamuzi uliopitishwa Aprili 2025 na baraza la mamlaka za vyeti pamoja na watengenezaji wa vivinjari, vimepunguziwa umri kwa awamu: siku 200 kuanzia tarehe 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia tarehe 15 Machi 2027, na siku 47 kuanzia tarehe 15 Machi 2029, hata kwa anayelipa fedha. Taasisi itakayotegemea kumbukumbu ya karani itakuwa ikianguka kila baada ya mwezi na nusu.

Katika Nyanchwa jambo hili lina uzito wa pekee ambao sijausikia ukitajwa. Huu ni mlima ambao misheni ya Waadventista iliuchagua mwanzoni mwa karne iliyopita, ikaacha juu yake kanisa, shule na chuo, na mpaka leo sehemu kubwa ya maisha ya hapa huenda kwa saa ya Sabato. Jua likitua siku ya Ijumaa ofisi hufungwa, simu za kazi hunyamazishwa, na mtu mcha Mungu hataitwa kutoka ibadani akatengeneze seva, wala haifai aitwe. Cheti kikimalizika Ijumaa usiku, basi mzazi aliye Nakuru, au mwana wa Gusii aliye Minneapolis anayetaka kumlipia mdogo wake karo, atakutana na onyo hadi Jumapili au hata Jumatatu asubuhi. Dawa yake ni kuiacha mashine ijihuishie cheti yenyewe, si siku ya mwisho, bali siku 30 kabla ya mwisho, kama Certbot inavyofanya kwa desturi yake kwa cheti cha siku 90, ili pakitokea hitilafu pawe na nafasi ya kuirekebisha katikati ya juma, mtu akiwa kazini na akili zake zimetulia.

Na hitilafu hutokea. Niliyokutana nayo mara nyingi kuliko zote ni ya fundi aliyeufunga mlango wa 80 wa seva (mafundi huuita port) akidhani anazidisha usalama, asijue kwamba ndio mlango ambao mamlaka hupitia kuja kuhakikisha, hivyo cheti kikakosa kuhuishwa kimyakimya. Nyingine ni ya cheti kilichohuishwa kweli, faili likabadilika katika diski, lakini programu ya tovuti, ambayo ilikwisha kukisoma kile cha zamani ilipoanza kazi, haikuamriwa ikisome upya, ikaendelea kuwaonyesha watu cheti mfu. Ya tatu huwachanganya hata wajuzi: seva huonyesha cheti chake peke yake bila ya kile cha kati kinachokiunganisha na shahidi mkuu, na kwa kuwa vivinjari vingine vya kompyuta hukitafuta vyenyewe kilichokosekana, mwalimu mkuu akiwa mezani kwake huona kila kitu sawa, ilhali baadhi ya wazazi wenye simu wanakataliwa. Kwa hiyo mkitaka kujaribu tovuti yenu, msiijaribu kwa kompyuta ya ofisi pekee. Tena katika maabara za shule zetu zimo kompyuta ambazo betri ndogo ya saa imekufa, zikiwashwa hudhani ni mwaka wa zamani mno, zikakataa vyeti vyote duniani. Hapo seva haina kosa, inayohitajiwa ni betri mpya.

Lazima pia nitaje simu kuukuu, kwa kuwa nchi yetu imejaa simu zilizopita mikono mitatu. Simu za Android za matoleo ya kabla ya 7.1.1 hazimjui shahidi mkuu wa sasa wa Let's Encrypt, na ule ushahidi wa pili uliokuwa ukizibeba ulikwisha tarehe 30 Septemba 2024. Ikiwa wanachama wenu wengi ni wazee wenye simu za namna hiyo, ni insafu kuwatafutia cheti cha mamlaka nyingine ambayo simu hizo zinaitambua, kuliko kuwaambia wapuuze onyo. Hilo ni jambo dogo la kiufundi, ila huruma yake ni kubwa.

Sasa nije kwenye barua pepe, ambayo naihofia zaidi kuliko tovuti, kwa sababu tovuti ikikosa cheti hupiga kelele, ilhali barua pepe isiyositiriwa huenda na kurudi bila ya mtu yeyote kuonywa. Kwenye tovuti zetu kuna matangazo, picha za mahafali na nambari ya kulipia karo. Kwenye barua pepe ndimo yalimo majibu ya maabara, majina ya wanafunzi wasiolipiwa, rasimu za mitihani, mishahara, na mashauri ya nidhamu ya watoto wa watu. Seva mbili zinapopelekeana barua hukutana kwenye mlango wa 25, zikaanza kwa maneno ya wazi, kisha ile inayopokea hutangaza kwamba inaweza kusimba, na ile inayopeleka ikikubali, mazungumzo huhamia kwenye siri. Udhaifu wa utaratibu huo, uliowekwa ili usiivunje mitambo ya zamani, ni kwamba yeyote aliye njiani akiliondoa lile tangazo la kwanza, seva inayopeleka hudhani mwenzake hajui kusimba, zote mbili zikaendelea kwa maneno ya wazi bila ya malalamiko.

Msidhani nawatisha kwa hadithi za mbali. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan wakishirikiana na wa Google walizichunguza barua zilizokuwa zikiingia Gmail kutoka kila nchi, wakakuta nchi saba ambazo zaidi ya asilimia 20 ya barua zao zilifika zikiwa wazi kwa sababu tangazo la kusimba liliharibiwa njiani, na Kenya ilikuwa miongoni mwa hizo saba, pamoja na jirani yetu Uganda. Si lazima pawe na jasusi. Baadhi ya vifaa vilivyonunuliwa kulinda mitandao ndivyo vilivyokuwa vikilifuta tangazo hilo, ili viweze kuzichungulia barua kwa kisingizio cha kuzikagua. Nilipousoma utafiti ule nilisikitika sana, maana barua zile zilikuwa zetu, za watu wetu, na waliozipeleka hawakupata habari hadi leo.

Yako ya kufanya, nayo yanawezekana kwa mtu mmoja mwenye juma moja. Seva ya barua iitwayo Postfix, ambayo wengi wenu mnayo bila ya kuijua jina, ipewe cheti halali chenye jina lile lile ambalo wafanyakazi huliandika katika simu zao. Katika mlango wa 25 kusimba kubaki kuwa hiari, kwa kuwa ndivyo ulimwengu unavyopelekeana barua, lakini milango ambayo wafanyakazi wenu huitumia kupeleka, yaani wa 587 na wa 465, na ule wa 993 ambao huutumia kusoma, ikatae kabisa neno la siri lililoletwa wazi. Kisha taasisi itangaze, kwa utaratibu uitwao MTA-STS uliowekwa mwaka 2018, kwamba barua ziendazo kwake zisipelekwe ila zikiwa zimesimbwa, ili seva kubwa za dunia zikikuta tangazo limefutwa njiani zijue kuna khiyana zisimame. Fauka ya hayo, tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimekaza masharti yao kwa wapelekao barua, na seva isiyosimba wala kuthibitisha jina lake huona barua zake zikitupwa pamoja na takataka; wako makatibu walioniambia kwamba wazazi hawajibu barua, kumbe wazazi hawakuziona.

Mtu akitaka kujua madhara ya barua kubadilishwa, amwulize mchongaji wa mawe ya Tabaka anayeuza ng'ambo. Mawe yale ya sabuni husafirishwa hadi Ulaya na Marekani kwa mapatano yanayofanywa kwa barua pepe, na katika biashara za namna hiyo, kila mahali duniani, wizi unaojulikana sana ni wa mtu kujiingiza katikati ya barua, akasubiri kwa subira mpaka ankara ya malipo iandikwe, kisha akabadilisha nambari ya akaunti ya benki na kuiacha barua iendelee, ikiwa na maneno yale yale na sahihi ile ile. Chama cha akiba kinachowatumia wanachama maelekezo ya kulipa kimo katika hatari hiyo hiyo, na kiwanda cha majani ya chai kinachoandikiana na wanunuzi wa mnada wa Mombasa kadhalika.

Limo jambo jingine katika simu za wafanyakazi wenu ambalo nawaomba mliangalie kwa macho yenu wenyewe. Baadhi ya programu za barua katika Android, wakati wa kuweka akaunti, humpa mtu nafasi ya kuchagua kukubali vyeti vyote. Fundi mwenye haraka, akikuta jina la seva halilingani na jina lililo kwenye cheti, huchagua hilo, onyo likatoweka, naye akaonekana amefanya kazi. Kuanzia hapo simu ile itamkubali yeyote atakayejitokeza, katika mtandao wa bure wa hoteli au wa stendi, akidai kuwa ndiye seva ya shule, na itampa neno la siri la mwalimu bila ya kusita. Hatari ya mitandao ya namna hiyo imekwisha kuonyeshwa: mwaka 2010 kijana mmoja wa Marekani, Eric Butler, alitoa hadharani programu iitwayo Firesheep, iliyomwezesha mtu asiye na ujuzi wowote aketi mkahawani na kuziingia akaunti za waliokaa meza za jirani, nia yake ikiwa ni kuzilazimisha kampuni kubwa zisimbe kurasa zao zote. Kampuni zile zilisikia. Sioni sababu ya ofisi za Kisii kuwa ndizo za mwisho kusikia.

Nisije nikakipa cheti sifa isiyo yake. Cheti huthibitisha jina la anwani, wala hakithibitishi uadilifu wa mwenye anwani. Tapeli naye akifungua tovuti yenye jina linalofanana na lenu kwa herufi moja tu pungufu, atapata cheti chake bure kama ninyi, na kivinjari kitaipokea tovuti yake sawa na yenu. Barua iliyosimbwa njiani hulala wazi ikifika ndani ya seva, na mwenye funguo za chumba anaweza kuisoma. Kwa hiyo anayewauzia cheti kwa kudai kwamba kitazuia kila uhalifu, mwambieni aende zake. Walakini kile ambacho cheti hukizuia, hakizuiwi na kitu kingine chochote tulicho nacho.

Kwa upande wa sheria sitarefusha, maana mnao mawakili. Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010 humhakikishia kila mtu faragha ya mawasiliano yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huzihesabu habari za afya kuwa nyeti, huweka masharti mahsusi juu ya habari za watoto, huwataka wenye kuzihifadhi wachukue hatua za kiufundi za kuzilinda, na huwapa saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data pindi zinapovuja kwa namna iwezayo kumdhuru mwenyewe. Mnamo Septemba 2023 ofisi ya Kamishna ilitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ya idhini ya wazazi. Ikiwa picha zilizochapishwa kwa furaha zimegharimu kiasi hicho, sijui majibu ya vipimo vya wagonjwa yaliyosomwa njiani yatagharimu nini.

Ninayowaomba, waheshimiwa, hayahitaji bajeti mpya. Ufunguo wa siri wa seva yenu ujulikane uko wapi na nani anaweza kuufikia; usiwe umetumwa kwa WhatsApp, usiwe kwenye kompyuta ya fundi aliyekwisha kuacha kazi, na ikiwa uliwahi kupita huko, utengenezwe mwingine leo na cheti cha zamani kifutwe. Jina la kikoa lenyewe, liwe la .sc.ke, la .ac.ke au la .or.ke, liandikishwe kwa jina la taasisi na kwa anwani ya barua ya ofisi, kwani nimeona taasisi nzuri zikishindwa hata kuomba cheti kwa sababu jina lao liliandikishwa kwa jina la kijana mmoja ambaye sasa hapokei simu. Wawekwe watu wawili wenye kupokea habari cheti kinaposhindwa kuhuishwa, wala wasitegemee mamlaka kuwakumbusha, kwa kuwa Let's Encrypt iliacha kutuma barua za ukumbusho mwaka 2025. Katika kila mkutano wa bodi, pale inaposomwa hesabu ya fedha, isomwe pia tarehe ya kwisha kwa cheti cha tovuti na cha barua, sentensi moja, iingie katika kumbukumbu za mkutano. Na makarani waagizwe kwamba mzazi akipiga simu kusema ameonywa na kivinjari, ashukuriwe, asihimizwe kuendelea, na simu ya pili ipigwe kwa fundi.

Nitakuwa radhi kukaa na fundi wa taasisi yoyote ya mlima huu, siku yoyote ya Jumapili, bila ya malipo, tuitazame seva yake pamoja kuanzia mlango wa 25 mpaka wa 993. Itakuwa vyema kazi hiyo ifanyike kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa Januari, wakati ambapo wazazi wote huingia kwa pamoja kutafuta nambari ya kulipia karo.

Wenu mtiifu,

Mkazi wa Nyanchwa